Wakwe Wawili Mezani

Nilichaguliwa kuwa jaji kwa sababu sina sauti.

Sauti ninayo, ila ikifika mdomoni huwa inasimama kwanza kuuliza kama ni lazima itoke. Kwetu Mbuba nilikuwa nikitumwa chumvi, mwenye duka anakisia kwa kuniangalia midomo, na mara nyingi nilirudi nyumbani na kiberiti. Mama aliponileta hosteli huku Biharamulo kuanza kidato cha kwanza, alimwambia matroni, "Huyu hatakusumbua. Ukisikia ameongea, toka nje, nyumba inaungua."

Matroni hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayekagua kufuli, akasema, "Vizuri." Ni mwanamke mrefu, hafungi kilemba kingine zaidi ya kile cha bluu, na kiunoni ana fungu la funguo linalolia hatua kumi kabla yeye hajafika. Zile funguo zimetuokoa mara nyingi. Mtu anayekula karanga kitandani alikuwa na muda wa kumeza, kufuta mdomo na kuanza kusali.

Mambo ya karata yalianza tukiwa kidato cha tatu, alipokuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kimoja cha Mwanza. Alikuwa kijana, mwembamba, anafundisha Jiografia kwa kutembea huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Ijumaa moja baada ya vipindi alitoa kwenye begi lake karata ambazo hatujawahi kuziona. Hazikuwa zile za kopa na jembe. Zilikuwa zinang'aa, zimejaa Kiingereza cha maandishi madogo kama karatasi ya dawa, na juu yake kuna mazimwi yenye mabawa na wanaume wenye mapanga yanayowaka moto. Kila karata ina kazi yake, na watu wanabadilishana mpaka kila mtu awe na mkusanyiko wake.

Tulizipenda, lakini mimi nilichokipenda zaidi ni alichosema kuhusu majaji. Alisema huko mijini watu hukusanyika ukumbini kushindana siku nzima, na kati ya meza wanapita majaji. Wachezaji wasipoelewana, mmoja anainua mkono anaita jaji. Hapo kila kitu kinasimama na mikono inatoka mezani. Jaji anamsikiliza wa kwanza mpaka amalize, anamsikiliza wa pili mpaka amalize, halafu anasoma karata. Hasomi nia ya mtu wala hasomi uso wa mtu. Anasoma kilichoandikwa.

"Na kama hujaridhika?" mmoja akauliza.

"Unakata rufaa kwa jaji mkuu. Jaji mkuu akisema, imekwisha."

"Hata kama amekosea?"

"Hata kama amekosea."

Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria mtu wa nyumbani kwao.

Mwalimu alimaliza mazoezi akaondoka na karata zake, akatuachia hamu. Aliyeituliza hamu hiyo ni msichana anayelala kitanda cha juu yangu. Nitamwita mchoraji, maana ndiyo kazi aliyoifanya muhula mzima. Hesabu zilikuwa zimemshinda, Kemia ilikuwa imemshinda, na watu hawakuwa na sababu ya kumwita isipokuwa awapishe njia. Alichukua maboksi ya sabuni pale dukani, akayakata kwa wembe, akaanza kuchora kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Mazimwi aliyaacha mapema. Zimwi hakuna aliyewahi kuliona, kwa hiyo tulibishana jioni nzima kama lina masikio. Akaamua kuchora vitu ambavyo hakuna wa kumbishia: ng'ombe, mgomba, fisi, mvua, bodaboda, mwenyekiti wa kitongoji. Mchezo akauita Kaya.

Kaya si mgumu. Unaanza na ng'ombe wako na migomba yako mezani mbele yako, na karata nyingine mkononi. Mnapeana zamu. Fisi anakula ng'ombe mmoja wa mwenzako. Fahali anamteka ng'ombe wa mwenzako akamleta kwako. Mnyauko ni ule ugonjwa wa migomba tunaoujua wote, na karata yake iliandikwa kwa herufi nyekundu: "Migomba yote ya mpinzani inakauka." Ukibaki huna ng'ombe wala mgomba, kaya yako imekufa, unaondoka mezani unanuka sabuni mikononi.

Baada ya wiki chache hosteli nzima ilikuwa inabadilishana. Fisi mmoja kwa kuoshewa sahani. Bodaboda kwa kupishwa kwenye foleni ya maji. Mchoraji akawa anaitwa kila kona: dada njoo, dada nichoree, dada kaa hapa ule. Alianza kutembea akiwa ameinua kichwa.

Halafu zile funguo zikalia tukiwa tumechelewa kuficha. Matroni aliokota karata moja ya mgomba sakafuni, akaishika kwa vidole viwili.

"Karata ni kamari," alisema.

"Shikamoo mama," tukajibu wote.

"Marahaba. Hii ndizi gani?"

"Ya kupika, mama," mchoraji akasema.

"Mnachezea nini?"

"Hatuchezei kitu. Anayeshindwa anashindwa tu."

Matroni aliigeuza karata, akainusa, akairudisha. Kisha akatoa sheria yake, taratibu, kama anasoma tangazo. "Chezeni Jumamosi baada ya kufua. Siku nikisikia kelele, au nikikuta watu wamegombana kwa ajili ya haya maboksi, yote yanaingia jikoni kwa mpishi. Maboksi yanawaka vizuri."

Mchoraji alikaa juu ya sanduku lake, akalikumbatia kwa miguu. Karata zote zilikuwa mle ndani.

Ndiyo maana tukahitaji jaji. Palipo na fisi na ng'ombe pana ugomvi, na palipo na ugomvi pana kelele. Msichana mmoja wa hapa Biharamulo mjini, baba yake anafanya kazi ofisini karibu na boma la Wajerumani, anayeongea kama anasoma risala, alisema, "Tunataka mtu ambaye hata akikasirika hasikiki." Wote wakageuka kuniangalia. Nilijaribu kukataa, lakini hawakunisikia.

Kwa kuwa kupiga kelele "jaji" kulikuwa na hatari, tukakubaliana mchezaji ainue kijiko. Kila mtu hosteli ana kijiko chake, anakilinda kuliko kitambulisho. Kijiko kikiinuka, mikono inatoka mezani, mimi nakuja. Nasikiliza kwa kunong'onezwa, nahukumu kwa kunong'ona. Mtu akipita nje angedhani tunamuuguza mgonjwa.

Tatizo lilikuwa rufaa. Jaji mkuu hatukuwa naye, na mtu mwingine asiye na sauti hakuwepo. Tukakata shauri kwamba jaji mkuu ni mimi pia, ila nikiwa nimevaa sweta la shule. Mtu akikata rufaa nilitoka mlangoni, nikavaa sweta, nikaingia upya, nikasikiliza kesi tangu mwanzo kana kwamba sijui kitu. Mwanzoni niliona haya. Baadaye niligundua kwamba nikiwa na sweta nilikuwa namwona yule jaji wa kwanza kuwa na haraka kidogo.

Kesi zilikuwa za kila aina. Kuna aliyempakia ng'ombe kwenye bodaboda akimkimbia fisi. Mwenzake akainua kijiko. "Ng'ombe hapandi pikipiki," akanong'ona. Nikasoma karata: "Bodaboda hubeba chochote." Nikahukumu ng'ombe amepanda. Akakata rufaa, nikavaa sweta, nikasoma tena, na ng'ombe akabaki amepanda. "Na mkia?" akauliza. Nikamwambia mkia hauna maelezo.

Nyingine ilinishinda. Fahali mmoja alimwagikiwa mchuzi wa maharage mgongoni, kwa hiyo kila mtu alimtambua hata akiwa amefunikwa. Nilihukumu kwamba, ili haki iwe sawa, karata zote zipakwe mchuzi. Zikapakwa. Usiku huohuo wakaja sisimizi. Asubuhi nikakatiwa rufaa na hosteli nzima, nikavaa sweta, nikatengua hukumu yangu mwenyewe na kumwonya yule jaji wa kwanza awe anafikiri.

Sasa nifike kwenye Mama Mkwe.

Karata hiyo ilitokana na habari ya msichana wa Nyamigogo. Huyu ni Msukuma, babu yake alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, na ndiye mchezaji mpole kuliko wote na mkatili kuliko wote. Anakula ng'ombe wako huku anakuambia pole. Alitusimulia mjomba wake alivyokuwa anaendesha baiskeli, akamwona mama mkwe wake anakuja mbele, na kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba akajitupa na baiskeli kwenye mahindi ya watu ili wasikutane uso kwa uso. Mama mkwe naye akasimama kumpisha. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake apite.

"Wakakaa muda gani?" tukauliza.

"Mjomba alirudi nyumbani jua limezama," akasema. "Na baiskeli haina mnyororo."

Mchoraji alicheka mpaka akalala, kesho yake karata ikawa tayari: "Mama Mkwe akibisha hodi, mwenye kaya anageuka na kumpa mgongo kwa heshima mpaka mama aage. Aliyegeuka hashambulii." Na si karata inayogeuka, ni mtu mwenyewe, anaangalia ukuta. Msichana wa mjini alipinga kwamba wanaomkimbia mama mkwe ni wanaume, sisi ni wasichana. Nilihukumu kwamba katika Kaya kila mchezaji ana zizi, kwa hiyo kila mchezaji ni baba mwenye mji. Hakukata rufaa. Nadhani alipenda.

Mama Mkwe aliaga pale mwenye karata alipomwinua kutoka mezani zamu yake ikifika. Hilo halikuandikwa popote, lilikuwa mazoea tu. Na mimi nikaongeza hukumu moja, kwamba aliyegeuka haruhusiwi kuchukua kitu chochote mezani, anaruhusiwa kuweka tu. Niliitoa siku mtu alipopapasa kinyumenyume akachukua ng'ombe wa mwenzake pamoja na kipande cha sabuni. Niliiona hukumu nzuri sana.

Mama Mkwe alikuwa mmoja tu, na alikuwa kwa yule wa mjini, aliyempata kwa kufulia mashuka ya watu. Karibu na fainali mchoraji akachora wa pili, mwenye mwavuli, na huyo akaenda kwa wa Nyamigogo. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hatukukisema kwa sauti. Wale mama wakwe wote wawili walikuwa warefu, wamefunga vilemba vya bluu, na kiunoni wana fungu la funguo.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya mvua. Bati lilikuwa linapiga kiasi kwamba hata kunong'ona tulinong'onezana masikioni. Meza tuliivuta katikati ya vitanda. Upande huu yule wa mjini, upande ule yule wa Nyamigogo, mimi kati, na mchoraji juu ya sanduku lake akitafuna kola ya shati. Wengine walikuwa juu ya vitanda vya juu wakining'iniza miguu.

Mpaka katikati ya mchezo hali ilikuwa hivi. Wa mjini hakuwa na ng'ombe hata mmoja, fisi wa Nyamigogo walikuwa wamemaliza zizi, lakini alikuwa na migomba mingi imejipanga mezani kama shamba la padri. Wa Nyamigogo alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja tu, mgomba hata mmoja hana. Basi wa mjini, akiona zamu inayofuata atavamiwa, akamweka Mama Mkwe mezani.

"Hodi," akanong'ona.

Wa Nyamigogo akageuka, akaangalia ukuta, akajifunika na kanga kabisa. Zamu ikawa yake. Kushambulia hawezi. Kuchukua hawezi. Lakini kuweka anaruhusiwa. Akapitisha mkono juu ya bega, taratibu, akamweka yule wa mwavuli.

"Hodi na huku," akasema.

Wa mjini naye akalazimika kugeuka. Wakawa wamekaa wamepeana migongo, mmoja anaangalia ukuta wa mashariki, mwingine anaangalia ndoo. Zamu ya wa mjini ikafika, amwinue mkwe wake aage. Lakini amegeuka, na aliyegeuka hachukui kitu mezani.

"Napita," akasema.

"Na mimi napita," akasema wa Nyamigogo.

"Napita."

"Napita."

"Mkwe wako haendi kwake?"

"Wako ndiye aliyetangulia kuja. Aanze yeye."

"Anasubiri mvua ikatike."

"Basi na wangu ana mwavuli, anamsubiri wako amsindikize."

"Napita."

Juu ya vitanda watu walikuwa wameshaanza kuuma mito. Tukasikia migongo miwili inatetemeka kwa kicheko kilichobanwa. Wa mjini akasema kwa mara nyingine kwamba anapita, kisha akainua kijiko. Wa Nyamigogo, bila kumwona, akainua chake.

Nikasogea. Sheria ni kumsikiliza kila mmoja pembeni, lakini pembeni watafikaje bila kuangalia meza? Nilimshika wa mjini mabega nikamtembeza kiubavu kama kaa mpaka kwenye kona. Akasema wake ndiye wa kwanza kufika, apewe ruhusa amwinue. Nikamrudisha vilevile. Wa Nyamigogo nikamtembeza kona nyingine, akasema kwao mtu hageuki kwa sababu amechoka, mjomba wake hakuchoka. Nikamrudisha. Kisha nikasimama katikati, nikagundua kwamba aliyeufunga mchezo ni yule jaji wa kwanza na hukumu yake ya sabuni.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Funguo zilikuwa zimelia, bila shaka, lakini bati lilikuwa linalia zaidi.

Matroni alisimama akiwa na beseni la nguo zilizookolewa mvuani. Aliona wasichana wawili wamepeana migongo. Aliona wengine wote kimya, wengine na mito mdomoni, wengine machozi yanawatoka kwa kicheko walichokimeza. Aliona mchoraji amekunja uso. Akamwaga nguo kitandani, beseni likawa tupu.

"Hawa wamenuniana," alisema.

Akatugeukia sisi wengine.

"Nilisema nini kuhusu kugombana?"

Akasogeza beseni kwenye ukingo wa meza, akanyoosha mkono kukusanya karata. Nikamwona mchoraji akifumba macho. Alifumba taratibu, kama mtu anayechomwa sindano, na akaacha kutafuna kola.

Nikainua kijiko. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Matroni akasimama. "Nini hicho?"

"Kijiko, mama."

"Nakiona. Cha nini?"

Nikasema.

"Sikusikii."

Nikasema tena, na safari hii ikatoka yote, mpaka mimi mwenyewe nikageuka kuangalia nani kaongea. "Mchezo ukisimamishwa, mikono inatoka mezani. Na ya kwako, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, nadhani kwa mazoea, na mkono ukatoka mezani, nao nadhani kwa mazoea. "Nani kakupa amri hiyo?"

"Mimi ni jaji."

"Na mkubwa wako nani?"

"Ni mimi, mama. Nikivaa sweta."

Matroni aliniangalia vilevile kama siku ile ya kwanza, kama kufuli.

"Liko wapi hilo sweta?"

"Kitandani."

"Kalivae. Nina rufaa."

Nikalichukua, nikatoka nje, nikalowa, nikalivaa, nikabisha hodi, nikaingia. Sikujua kama ninatakiwa kumwamkia tena, nikamwamkia. Akaitikia.

"Toa maelezo yako, mama," nikasema.

"Meza ni ya hosteli. Hosteli naiangalia mimi. Na hawa wamenuniana. Nimemaliza."

"Upande wa pili."

"Hatujanuniana, mama," akasema wa Nyamigogo akiuambia ukuta. "Tunaheshimiana."

"Kwa kupeana migongo?"

"Mezani kuna wakwe," akasema wa mjini akiiambia ndoo.

Matroni aliinama kuangalia, mikono ameiweka nyuma, jambo ambalo nililiheshimu. Alisoma karata ya kwanza. Akasoma ya pili. Akazidi kuinama. Fungu la funguo likaning'inia juu ya meza, likawa linaangaliana na mafungu mengine mawili.

"Huyu mwenye funguo ni nani?"

Kila mtu aliangalia kitu kingine.

"Ni Mama Mkwe," nikasema.

"Naona imeandikwa. Nauliza sura."

"Sura haina maelezo, mama. Jaji anasoma maandishi tu."

Mtu mmoja juu ya kitanda alitoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa, akaizima kwa shuka.

Nikatoa hukumu ya rufaa. Nilisema imekubaliwa nusu. Meza ni ya matroni, na baada ya mchezo anaweza kuikunja akaondoka nayo. Lakini karata zilizo juu yake ni za wachezaji mpaka mchezo uishe.

"Basi uishe," akasema matroni, akaketi kwenye sanduku kando ya mchoraji na beseni mapajani. "Nasubiri. Atakayenyanyua sauti, au atakayenuna, beseni hili hapa. Na mchezo unaishaje watu wakiangalia ukuta?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo tangu mwanzo, ila sasa lilikuwa limeulizwa kwa sauti kubwa zaidi.

Nilimfikiria bibi mzaa mama. Akija kwetu Mbuba, baba haingii chumba alichomo. Wanasalimiana ukuta ukiwa katikati, wanaulizana habari za mahindi na za mvua, na wanapendana sana kwa namna hiyo. Bibi hasemi anaondoka. Hakuna wa kumwambia ondoka. Anakaa, anakaa, mpaka baba anapitisha mkono pembeni ya mlango na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba, maharage au nyama. Bibi akikipokea anasema, "Haya, ngoja niwahi." Kama vile yeye ndiye aliyekuwa anacheleweshwa.

Nikasoma karata tena. Ilisema mpaka mama aage. Haikusema anaagaje. Kumwinua yalikuwa mazoea yetu tu, mazoea ya watu wenye haraka.

"Mama Mkwe anaaga akipewa zawadi ya njiani," nikasema, na nilisema kwa sauti, kwa sababu mvua haikuniachia njia nyingine. "Kila mchezaji atachagua karata moja mkononi mwake, atampa mkwe aliyemjia, kinyumenyume, bila kuangalia. Mkwe anarudi kwao nayo, kwa aliyemtuma. Halafu mtageuka, na mchezo utaendelea. Zamu ni ya Nyamigogo, maana wa mjini alikuwa ameshapita."

Matroni alitikisa kichwa kidogo. Sikujua kama alikuwa anakubali au anasikitikia mambo ya dunia.

Wakachagua. Wa mjini alichagua haraka, nikamwona anatabasamu na ndoo. Wa Nyamigogo alikawia. Alizitazama karata zake moja moja, akachomoa, akashusha pumzi. Mikono miwili ikapishana nyuma ya migongo kama watu wanaopeana mtoto aliyelala.

Wakageuka, wakatazama walichopewa.

Wa mjini alikuwa ameshika Fahali, yule wa mchuzi wa maharage, karata kubwa kuliko zote hosteli. Kwa fahali huyo zamu yake ikifika angemteka yule ng'ombe mmoja wa mwisho na mchezo ungekwisha.

"Umenipa hii?" akanong'ona. "Ulikosea?"

"Mkwe hapewi kitu kibovu," akasema wa Nyamigogo. "Ningemwangaliaje? Ingawa simwangalii."

Kisha akatazama chake. Ilikuwa karata ya herufi nyekundu. Wa mjini, katika kutafuta kitu kibaya kuliko vyote cha kumfukuzia mama mkwe wa mwenzake, alikuwa amempa Mnyauko.

Na zamu ilikuwa ya Nyamigogo.

"Pole, dada," akasema, akauweka Mnyauko mezani, taratibu, na migomba yote ya wa mjini ikakauka kwa mpigo. Ng'ombe hana. Mgomba hana. Amebaki ameshika fahali mkononi, hana hata pa kumfunga.

Wa mjini alifungua mdomo. Nilimwona anavuta pumzi, na kila mtu mle ndani alimwona, na kila mtu akageuza macho kwenye beseni. Mchoraji alikuwa ameshika mkono wa matroni bila kujua ni wa nani.

"Rufaa," akasema wa mjini, kwa sauti ndogo kuliko yangu ya kila siku.

"Jaji mkuu ameshavaa sweta," nikamwambia. "Imekwisha."

"Hata kama amekosea?"

"Hata kama amekosea."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua mto wa kitanda cha karibu, akauzamisha uso humo ndani na kupiga ukelele mrefu ambao mimi niliusikia vizuri sana.

Sote tukamgeukia matroni.

"Nimesikia mvua," matroni akasema. Akasimama, mchoraji akauachia mkono wake kama kaa la moto. "Mchezo umekwisha?"

"Umekwisha, mama."

"Basi sasa naruhusiwa kugusa."

Akachukua karata mbili tu, wale mama wakwe wawili. Akazipangusa kwa ncha ya kilemba, akarudisha nguo zake kwenye beseni, akaenda. Mlangoni alisimama, akamwambia mchoraji bila kugeuka, "Funguo umezichora vizuri. Ila mimi si mnene hivi."

Tangu siku ile wale mama wako dirishani kwa matroni, ndani ya kioo, wanaangalia njia ya kwenda bombani. Hakuna aliyetuamuru, lakini kila tunapopita na ndoo tunageuza uso kwa heshima na kupita kiubavu, mmoja baada ya mwingine, hata wa kidato cha kwanza ambao hawajui kwa nini. Karata nyingine zote ziko kwenye sanduku la mchoraji, na hivi sasa anachora jaji. Amemvika sweta. Kazi yake bado hajaiandika.

Mama alipokuja kunitembelea, matroni alimpokea getini. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mkungu wa ndizi, nikasikia.

"Huyu wako," matroni akasema, "juzi ameongea."

Mama akasimama, akaliangalia bweni, paa, jiko la mpishi. "Kimeungua nini?"

"Hakuna," akasema matroni, na hapo ndipo nilipomwona akicheka. "Hakuna kilichoungua."